Mjomba yuko ng'ambo, hati iko wapi?

Wiki hii, msomaji wangu, sikupeleki ufukweni wala disko. Twende Nyamongo, kule Tarime, mahali ambapo watu wengi wa mjini wanapajua kwa jambo moja tu: dhahabu. Kweli, mgodi wa North Mara upo, umeanza kutoa dhahabu tangu 2002, na vilima vya kifusi utaviona kabla hujaona nyumba ya mwenyeji wako. Lakini dhahabu tuwaachie wenyewe. Mimi kilichonivuta ni kwamba kutoka pale mgodini hadi mpaka wa Kenya ni kama kilometa 20 tu. Kijana wa Nyamongo anaweza kuwa na shangazi Kehancha, mjomba Isebania na mchumba Migori, na wote hao eti wako "nje ya nchi".

Nje ya nchi! Mtaani kwetu ukilitaja neno hilo watu wanadhani umepata tiketi ya ndege.

Mstari wenyewe waliupiga Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, kutoka baharini mpaka Ziwa Victoria, na Mkurya hakuna aliyemuuliza. Koo za Abakira, Abanyabasi, Abairege na Abagumbe zikajikuta zina ndugu pande zote mbili. Huku tunaandika Wakurya, kule wanaandika Wakuria. Herufi moja tu! Ng'ombe wa mahari wameendelea kwenda na kurudi kama kawaida. Hata Tanzania ilipofunga mpaka Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilipokuwa inakufa, na ukakaa umefungwa mpaka 1983, ndugu hawakuacha kuwa ndugu.

Njia ya halali kutoka Nyamongo ni kuzunguka. Unapanda gari mpaka Tarime mjini, vumbi likikubali, halafu unashika lami fupi mpaka Sirari. Sirari ni mji wa kelele, si mchezo. Hujakanyaga chini vizuri, jamaa wa kubadilisha fedha kashakuonyesha bunda la shilingi za Kenya kama vile mlilala chumba kimoja jana. Ushauri wangu: piga hesabu yako mwenyewe kwenye simu kabla hujampa chochote.

Na yuko wa pili, kijana wa bodaboda. Huyu hauzi fedha, anauza njia. "Bro, nikupitishe kwa nyuma, dakika tano tu." Njia za panya ziko nyingi, maana mpaka wenyewe ni mashamba ya mahindi na vijito. Nilikataa, na sababu ninayo.

Binamu yangu alipita huko siku alipofiwa na shangazi yake. Alifika, akazika, akala, akaaga vizuri. Wakati wa kurudi gari lake likasimamishwa kwenye kizuizi, akaombwa kitambulisho. Akatoa cha NIDA. Askari akakigeuza huku na huku, akamuuliza muhuri wa kuingilia Kenya uko wapi. Alilala mahabusu siku mbili, na waliobaki na kilio nyumbani wakaanza kuchanga tena, safari hii si za marehemu.

Hapo ndipo vijana wengi wanapochanganya mambo. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kuruhusu raia wao kuvuka kwa kitambulisho cha taifa tu. Tanzania haikuingia kwenye mpango ule. Kwa hiyo Mganda anaingia Kenya na kadi yake mfukoni, wewe wa Nyamongo unayesikia redio za Kenya ukiwa kitandani unatakiwa kuwa na pasipoti au hati ya dharura ya safari. Viza hulipi. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, lililoanza Julai 2010, linakuruhusu kukaa kama mgeni hadi miezi 6. Kufanya kazi hilo ni jambo lingine, lina kibali chake.

Pasipoti ya kielektroniki, ile iliyozinduliwa Januari 2018, ni shilingi 150,000. Ni hela, sikatai. Hati ya dharura ni nafuu zaidi na kwa safari za mjomba inatosha. Beba pia kadi ya njano ya chanjo, maana Tanzania inaidai kwa anayetoka nchi zenye homa ya manjano, na Kenya imo. (Ukienda na gari kuna kadi nyingine ya njano, ile ya bima ya COMESA. Usimpe daktari kadi ya gari.)

Ugumu kwa mtu wa mpakani hauko kwenye hela. Uko kwenye maswali. Umezaliwa wapi, baba wapi, babu wapi, ukoo gani? Sasa utaje ukoo ambao nusu yake iko Kenya uone watakavyokutazama! Wa Dar haulizwi hivyo kwa ukali ule. Cheti cha kuzaliwa na namba ya NIDA ndiyo kinga yako, na hivyo havipatikani asubuhi ya msiba.

Usidhani Ulaya wenyewe hawana hati. Pale Strasbourg, Ufaransa, tangu 2017 kuna tramu inavuka mto Rhine mpaka Kehl, Ujerumani, mtu anakwenda kununua sabuni na kurudi. Lakini kitambulisho anacho, na Septemba 2024 Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu. Tofauti ni kwamba yeye kadi yake ya nyumbani inamtosha.

Pale mpakani mambo siku hizi ni kituo kimoja: ukienda Kenya unasimama upande wa Isebania, Mtanzania anakugongea kutoka, Mkenya dirisha la pili anakugongea kuingia. Foleni yangu ilikuwa fupi kuliko ya chipsi. Kisha matatu ya Kehancha, na kwa shangazi nikakuta ugali wa wimbi umeshaiva.

Wiki ijayo nakupeleka Mugumu, barabara ikikubali.