Majina ya Wanyama na Ushahidi wa Wenyeji

Sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Kilembe, chini ya milima ya Rwenzori, tuko mbali mno na bahari. Neno "nyangumi" wanafunzi wetu hulikuta kamusini tu. Hata hivyo, ni nyangumi aliyetufanya tufikiri upya juu ya kazi ya kuwapa wanyama majina.

Wako nyangumi wenye mdomo uliochongoka, wanaozama kilindini kwa muda mrefu na kuonekana kwa nadra. Baadhi yao walipewa majina ya kitaalamu kwa mifupa tu. Mwaka 1882 fuvu moja lilipatikana Mackay, Australia. Mwaka 1926 Heber Longman akamwita mwenye fuvu hilo Mesoplodon pacificus. Fuvu la pili, la mwaka 1955, lilitoka Danane, Somalia, nalo lilionekana sakafuni mwa kiwanda cha mbolea mjini Mogadishu! Mwaka 1968 mnyama huyo akahamishiwa jenasi ya peke yake, Indopacetus. Neno la pili, pacificus, lilibaki, kwa kuwa kanuni hutaka jina la spishi lililotangulia lidumu hata jenasi ikibadilika. Umbo lake zima lilithibitishwa mwaka 2003, kwa msaada wa uchunguzi wa vinasaba.

Kisa kingine cha namna hiyo ki karibu nasi zaidi, ng'ambo ya mpaka wa Bwera, katika misitu ya Kongo. Harry Johnston, aliyekuwa mjumbe wa serikali ya Uingereza nchini Uganda, alisikia kwa Wambuti habari za mnyama aitwaye okapi. Mwaka 1900 alivuka kwenda kumtafuta. Wenyeji wakamwonyesha nyayo za kwato zilizopasuka kati. Yeye alikwisha kuamini kuwa mnyama huyo ni wa jamii ya punda, na punda hana kwato za namna hiyo. Basi nyayo akazikataa.

Alichopata ni vipande viwili vya ngozi, akavipeleka London. Kwa vipande hivyo Philip Sclater, mwaka 1901, alimwita mnyama huyo Equus johnstoni, yaani farasi wa Johnston, ingawa aliweka alama ya kuuliza kando ya Equus. (Tunaipenda alama hiyo, wangapi wetu huiweka?) Mwaka huo huo ngozi nzima na mafuvu mawili yakafika, ikadhihirika kuwa okapi ni ndugu wa twiga, na kwato zake zimepasuka kati. Ray Lankester akamwita Okapia johnstoni: neno la kwanza la watu wa msitu, la pili la mgeni aliyezikataa nyayo.

Kwa hiyo, kabla hatujawatungia nyangumi hao majina ya Kiswahili kwa kufasiri Kilatini, tunawaomba wenzetu wa Lamu, Pemba, Mafia na Kilwa wawaulize kwanza wavuvi.