Nakupenda, Fungu Linalomezwa na Bahari

Siku hizi vikundi vingi vya wazazi na wanakwaya kutoka vijiji vya bara hufika Dar es Salaam, hupanda boti ya asubuhi, hushinda Unguja, na kurudi kwa boti ya alasiri. Boti ziendazo kasi huchukua muda wa saa mbili hivi. Basi mtu huona Mji Mkongwe, hununua karafuu na iliki kidogo, kisha jamaa humwambia, "Twende tukaoge baharini." Hapo ndipo hupelekwa Nakupenda.

Ndugu msomaji usiyeizoea pwani, yafaa kwanza ujue fungu ni kitu gani. Si kisiwa. Ni chungu ya mchanga iliyoinuka katikati ya bahari, haina mti, haina nyumba, haina hata jiwe la kukalia. Nakupenda ni fungu la namna hiyo, upande wa magharibi wa Mji Mkongwe, mwendo wa nusu saa hivi kwa mashua ya mashine kutoka Forodhani. Mchanga wake ni mweupe mno na maji yake unayaona mpaka chini. Sijui nani alilipa jina hilo, lakini alikuwa na mzaha, maana fungu lenyewe halimpendi mtu kutwa nzima. Maji yakijaa hasa, hutoweka lote, na asiyelijua angeapa kwamba hapakuwa na kitu pale.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Kwa sababu ya dakika hizo 50, kila siku maji huchelewa kidogo kuliko jana. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huwa bamvua: maji hupwa sana na kujaa sana, na tofauti ya kimo hufika karibu meta 4, yaani kupita dari ya nyumba nyingi za kijijini. Katikati ya nyakati hizo huwa maji mafu, ambayo hayapandi wala kushuka sana. Na huko Unguja siku za bamvua zina saa zake: maji hupwa karibu saa nne asubuhi, hujaa karibu saa kumi jioni.

Tazama sasa jinsi jambo hilo linavyomkuta mgeni. Anafika funguni saa nne, analikuta pana kama uwanja wa mpira. Anatandika kanga, anaweka kikapu, anaingia majini. Maji yanapoanza kurudi huja polepole katika saa ya kwanza, hata huyaoni. Kisha huongeza mwendo, na saa mbili za katikati, tangu saa sita mpaka saa nane, hupanda nusu nzima ya kimo chao. Ndizo saa hizo watu wanazokula samaki wa kuchoma na mananasi.

Nilikuwa katika mashua moja na wazazi kumi na wawili kutoka bara, siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Vikapu vyote vilikuwa vimepangwa pamoja chini ya mwavuli, na kila mtu alidhani mwenzake anaviangalia. Mama mmoja mzee alikuwa na mkoba mweusi. Ndani yake mlikuwa na kitambulisho chake, tiketi ya kurudi, cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake, kadi ya hospitali, na karo ya huyo mjukuu katika bahasha. Alikuja nayo yote kwa kuwa hakutaka kuiacha nyumbani kwa mtu asiyemjua vizuri. Simlaumu. Aliyezoea kulala na hati zake chini ya godoro huona ni salama zaidi zikiwa naye.

Akamwuliza nahodha, "Baba, maji yanajaa saa ngapi?"

"Bi mkubwa, leo bamvua. Saa nane tuwe tumeshaondoka."

Lakini saa nane ilikuwa ya kuondoka, si ya vikapu kulowa. Kabla ya saa saba na nusu maji yalikuja kwa pande mbili kwa mara moja, maana fungu lina mgongo katikati na vikapu vilikuwa chini kidogo ya mgongo. Wimbi moja dogo, lisilomtisha hata mtoto, likapita chini ya kanga na kuinua kila kitu. Kijana wa mashua aliruka akaudaka mkoba ukiwa tayari unaelea. Ulikuwa umekwisha kunywa maji.

Tulipoufungua tulijifunza tofauti ya karatasi na plastiki. Kitambulisho kilifutwa kwa kanga, kikawa kama kipya. Tiketi ilikuwa uji. Wino wa kadi ya hospitali ulikuwa umetiririka, na muhuri wa cheti cha kuzaliwa ulibaki doa la buluu. Noti zilipona, maana noti hustahimili maji kuliko karatasi ya kawaida. Zilitengwa mojamoja na kuanikwa kivulini, si juani. Bandarini karani alisoma jina katika kitambulisho, akalitafuta katika orodha, akampa mama tiketi nyingine. Kama kitambulisho nacho kingekwenda, sijui angelala wapi usiku ule. Cheti cha mjukuu kilibidi kuombwa upya, na nauli za kufuatia hati wilayani msomaji wa kijijini anazijua mwenyewe.

Watu wengi wakienda ufukweni huogopa wezi tu. Wezi wapo, siwakatai. Karibu na Nakupenda kuna kisiwa cha Changuu, ambako mwaka 1919 waliletwa kobe wanne wakubwa, zawadi kutoka Visiwa vya Shelisheli. Walizaana wakawa wengi, kisha wakaanza kuibwa, na kufika mwaka 1996 walibaki saba. Leo wako ndani ya ua, wanalindwa. Kobe wa aina hiyo akikua hupita kilo 200! Ikiwa mnyama kama huyo aliibwa kisiwani, simu yako itachukua muda gani? Hata hivyo, juu ya fungu tupu, ambapo mwizi hana pa kukimbilia, wa kuogopwa kwanza ni maji.

Basi lililo bora ni hati zisizotakiwa siku ile zisipande mashua kabisa. Cheti cha kuzaliwa, hati ya shamba, cheti cha ndoa, hakuna askari wa bandari atakayeviuliza. Viache Dar es Salaam kwa jamaa mwaminifu, ukiwa na nakala. Cha kwenda nacho ni kitambulisho, tiketi, na fedha za siku hiyo na akiba kidogo. Na kama kundi ni kubwa, naona ni vema mmoja asiyependa kuoga abaki mjini na vitambulisho na tiketi za wote. Kila kundi lina mzee wa namna hiyo, na atashukuru kukaa Forodhani kivulini akitazama mashua.

Vinavyokwenda funguni vitiwe katika kopo la plastiki lenye kifuniko cha kukaza, kama yale ya siagi ya karanga. Mabaharia wengi hufanya hivyo kwa viberiti na simu zao. Usiseme utafunga katika mfuko wa plastiki wa sokoni. Mifuko hiyo imekatazwa Unguja tangu mwaka 2006, na Bara tangu Juni 2019. Kibindo cha kanga ni kizuri sokoni, lakini mtu akiingia majini kibindo nacho kinaingia.

Wala usidhani mashua ni kabati. Maji yakipwa nahodha huisogeza kwenye kina isije ikakwama, na pengine huenda kuchukua abiria wengine. Kushuka kwenyewe ni kwa kukanyaga maji mpaka magotini, au kiunoni kwa mfupi. Mzigo ukae kichwani, kama mnavyovuka mto. Awepo mlinzi wa zamu mwenye jina, si "sisi sote". Naye akae mgongoni mwa fungu, mahali pa juu kabisa, hata kama pengine pana mandhari nzuri zaidi.

Simu yataka neno lake, kwa kuwa siku hizi ndiyo benki ya mwanakijiji. Ikizama katika maji ya chumvi usiiwashe kuijaribu; izime, ifute, umpelekee fundi upesi, maana chumvi hula vyuma vyake hata baada ya kukauka. Fedha zako hazikuzama. Zimo katika namba yako, na laini hutolewa upya kwa alama ya kidole na namba ya kitambulisho cha Taifa. Namba hiyo ina tarakimu 20, lakini isikutishe: nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa, hizo huwezi kuzisahau. Kumi na mbili zilizobaki ziandike mahali pawili, moja nyumbani. Ila namba ya siri usiiandike popote, na usimtajie hata yule anayekusaidia kwa upole mno pale bandarini. Wenyeji wana jina la vijana wanaowazunguka wageni hivyo, huwaita mapapasi.

Mkirudi Forodhani msitawanyike kwanza. Vaeni vizuri, maana kupita Mji Mkongwe na nguo za kuogea ni kuwavunjia wenyeji heshima, kisha kila mtu ashike kitambulisho chake mkononi kiongozi akihesabu. Kutoka hapo hadi bandari ya Malindi ni mwendo wa dakika kumi hivi kwa miguu. Anayekosa chake aseme palepale, wakati nahodha bado yupo na mashua bado inaweza kupekuliwa. Kikikosekana kabisa, aende kituo cha polisi kupata taarifa ya kupotelewa kabla ya kwenda bandarini, na mmoja wa kundi afuatane naye. Hiyo yataka saa nzima au zaidi, kwa hiyo siku ya bamvua mashua iondoke funguni saa saba, nahodha akubali asikubali.