Baiskeli Mwisho wa Reli

Ijumaa, 9 Agosti 2024. Kigoma

Nimekodi baiskeli kwa fundi wa Mwanga: Phoenix ya zamani, keria pana ya chuma, aina ile inayobeba madumu ya mawese. Fundi akauliza nabeba nini. Nikamwambia sibebi kitu, natembea tu. Akaitazama keria tupu, akanitazama na mimi, akapandisha bei. Simlaumu. Huku anayepiga pedeli bila mzigo ana lake jambo.

Mdogo wangu aliyesoma Ufaransa husimulia njia ya baiskeli inayofuata mto Loire, kilomita 900 hivi, kila njia panda ina kibao. Mimi kibao changu ni reli. Nimeteremka hadi stesheni ya Wajerumani, pale ilipoishia reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1914, nikakata kulia, kaskazini, ziwa likiwa mkono wa kushoto hadi Kibirizi.

Kibirizi pamepoa. Ziwa limepumzishwa tangu 15 Mei, miezi mitatu hakuna kuvua, ndivyo zilivyokubaliana nchi zinazopakana nalo ili samaki wazaliane. Vipe vimetulia: mitumbwi miwili miwili iliyoungwa kwa miti, wavu unaoshushwa katikati haupo, taa za sola zimefunguliwa zikapelekwa nyumbani. Maji nayo yamepanda miaka hii, na mchanga wa kuanikia dagaa umekuwa ukanda mwembamba. Mama mmoja ana fungu la dagaa wakavu wa kabla ya Mei. Bei yake sikuijadili mara mbili.

Jumamosi, 10 Agosti. Ujiji

Barabara ya Ujiji ni lami, mteremko mwingi, raha tupu wakati wa kwenda.

Makumbusho ya Livingstone nimeyapitia upesi. Sanamu mbili zinavua kofia, miembe ipo, kijana wa kupokea wageni anaeleza vizuri. Stanley aliandika kwamba walikutana 10 Novemba 1871. Burton na Speke walikuwa wameshafika hapa Februari 1858, na kabla ya wote hao misafara ya pembe na watumwa ilikuwa inakwenda na kurudi Bagamoyo. Hao waliotembea wamefungwa minyororo ndio ningependa wapewe ukuta mkubwa zaidi.

Kilichonishangaza ni ziwa kuwa mbali na mnara wa kumbukumbu. Wakati ule maji yalikuwa karibu. Baada ya 1878 mto Lukuga, upande wa Kongo, ulizibuka ukayatoa maji, na kwa miaka kadhaa ziwa likashuka kama mita kumi. Sasa linarudi kidogo kidogo, na waliojenga ufukweni ndio wanaojua maana yake.

Nimesukuma baiskeli hadi kwa mafundi wa boti. Hapa nimekaa mpaka adhuhuri. Boti kubwa imesimama juu ya magogo, mkuku umeshalazwa, mataruma yamepangwa, mbao za ubavuni zinapandishwa moja moja. Fundi mkuu hana mchoro wala karatasi. Anafumba jicho moja, anatazama mstari wa ubao toka omo hadi tezi, kisha anasema neno moja na vijana wanachonga tena kwa tezo. Kwenye maungio wanashindilia pamba iliyolowa mawese.

"Kaka, wavuvi wamelala, sisi hatulali," kaniambia. Kila mwenye chombo ameleta kikarabatiwe kabla ziwa halijafunguliwa.

Wageni wanaishia kwenye mnara, wanapiga picha, wanageuza gari. Dakika chache tu chini yao boti inazaliwa, na hakuna anayewaambia. Huo ni uzembe wetu, si wao.

Jumatatu, 12 Agosti. Mwandiga

Kilima. Waliobeba madumu wanashuka na kusukuma, nami nimeshuka nikasukuma, japo sina dumu. Mzee mmoja kacheka: "Mwanangu, hata hewa nayo nzito leo?"

Nyuma ya nyumba moja nimeonyeshwa ukamuaji wa mawese. Ngazi, matunda ya mchikichi, hung'olewa kwenye mikungu, huchemshwa kwenye pipa, hutiwa kwenye mtambo wa chuma, na watu wawili huzunguka wakisukuma mti mrefu hadi nyama iachane na kokwa. Mafuta huchemshwa tena na kuenguliwa. Makapi ni kuni za kesho. Mise, yaani hizo kokwa, huanikwa, wanawake huipasua kwa mawe, na mafuta yake huenda kwenye sabuni. Hakuna kinachotupwa.

Miche ya tenera, ile ya ganda jembamba na nyama nyingi, inatoka kituo cha utafiti cha TARI Kihinga tangu serikali ilipoamua 2018 kufufua zao hili. Mwenye shamba ameipanda, lakini michikichi ya babu yake hajaikata. Anangoja aone.

Alhamisi, 15 Agosti. Kigoma

Siku ya mwisho ya mapumziko ya ziwa. Kibirizi nimeikuta imegeuka: nyavu zinashonwa, betri zinachajiwa, mama lishe wamerudi na masufuria. Nikauliza dagaa wataanza kuonekana lini. Mvuvi akanyoosha kidole juu. Mwezi ulikuwa umeshatoka, karibu duara.

Dagaa huvuliwa kwa taa, na kwenye mbalamwezi hawakusanyiki. Tarehe 19 ni mwezi mpevu.

Jumamosi, 17 Agosti

Vipe vichache vilitoka, vikarudi na migebuka kidogo. Wengi hawakujisumbua. Baiskeli nimeirudisha, breki ya nyuma ikiwa imelegea.

Nimemwandikia mdogo wangu: ukija, Ujiji nenda asubuhi mafundi wakiwa kazini, Mwandiga iwe siku nyingine maana kilima kinachosha, na tiketi ya treni kata ya baada ya tarehe 25, giza likirudi. Kabla ya hapo dagaa wabichi Kigoma hutawapata.