Sukari na Ikae Nje ya Birika

Leicester, Uingereza

Kwa jamaa na majirani wa Eastleigh ya Nairobi, tangu Section One hata Section Three, na wenzetu wa Pumwani na Majengo,

Nawaandikia nikiwa na uchungu nisiotaka kuuficha. Juma lililopita niliarifiwa kwa simu kwamba shangazi yetu mmoja, ambaye maradhi ya kisukari yamemkaa mwilini miaka mingi, alialikwa arusini, akakirimiwa chai, akakirimiwa wali, akakirimiwa halwa, na kila alipotaka kujizuia akaambiwa kwamba siku ya furaha haina miko na kwamba kuurudisha mkono wa mwenyeji ni kumvunjia heshima. Basi akala kwa kuwastahi, akarudi nyumbani ameshikiliwa mikono, na alipopimwa sukari ilikuwa imepanda kupita kiasi. Waliomtenda hayo ni watu wampendao, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Katika nchi hii niliyomo chai hupikwa bila ya sukari. Mwenyeji huimimina kikombeni, kisha humuuliza mgeni anataka vijiko vingapi, na mgeni akijibu kwamba hataki hata kimoja, hapana anunaye wala amdhaniaye kuwa ana kiburi. Sisemi kwamba Waingereza ni mabingwa wa kula, kwa kuwa vyakula vyao vya dukani vimejaa sukari na mafuta, na kisukari kimewaenea wao kama kilivyotuenea sisi. Nasema jambo moja tu: hapa kiasi cha sukari huamuliwa na mnywaji, na kwetu huamuliwa na mpishi, tangu birika likiwa motoni, hata mgonjwa anapofikishiwa kikombe chake hana tena la kuchagua ila kunywa au kukataa, na kwetu, ninyi mwajua, kukataa chai ni kuanzisha kesi.

Hesabuni pamoja nami. Kijiko kimoja cha sukari ni takriban gramu 4. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilinasihi kwamba sukari ya kutiwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu aipatayo mtu katika chakula chake cha siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima, na kwamba ikishuka hadi gramu 25, ambazo ni vijiko sita, itakuwa heri zaidi. Basi mtu wa kwetu anywaye vikombe vitano tangu alfajiri hata baada ya isha, kila kimoja kikiwa na vijiko vitatu, amekwisha kunywa gramu 60 kabla hajaihesabu soda ya dukani, wala sharubati ya embe iliyoongezwa sukari, wala kipande cha kashata. Huyo ni mzima wa afya, sembuse mgonjwa!

Hapa hata serikali imeingia katika jambo hili. Tangu Aprili 2018 vinywaji baridi vilivyotiwa sukari, vyenye gramu 5 au zaidi katika kila mililita 100, hutozwa ushuru wa peke yake, na makampuni mengi, kwa kuukimbia ushuru huo, yamepunguza sukari yenyewe. Vyakula vingi vya dukani hubandikwa alama za rangi, nyekundu kwa chenye sukari nyingi, kijani kwa chenye kidogo, hata mzee asiyesoma Kiingereza aweza kujichagulia. Na mgonjwa aliyegunduliwa karibuni kuwa ana kisukari cha aina ya pili hualikwa darasani, aghalabu pamoja na mtu wa nyumbani kwake. Darasa moja mashuhuri, liitwalo DESMOND, makao yake ni katika mji huu wa Leicester. Huchukua muda wa saa sita, na humo watu hufundishwa kwa utulivu jinsi chakula kinavyogeuka sukari katika damu, kisha kila mmoja hujipangia mwenyewe atakalobadili.

Kwetu mgonjwa aghalabu hutoka kliniki na neno moja tu, usile vitamu, naye hulishika kwa uaminifu: huiacha halwa, kisha huketi mbele ya mlima wa wali, pasta pembeni na ndizi juu yake, akidhani yu salama kwa kuwa ulimi haukuonja utamu. Wanga wote huo huishia kuwa sukari. Kadhalika nawasikia mkisema kwamba ugali wa unga usiokobolewa ni dawa, na kwa hiyo mgonjwa ale hata ashibe; ni bora kuliko ule mweupe, lakini kiasi ni kiasi.

Basi haya ndiyo ninayowanasihi. Sahani ya mgonjwa igawanywe: nusu iwe mboga, sukuma wiki, mchicha, managu au kunde, ambazo katika masoko ya Gikomba na Muthurwa zimejaa tele, robo iwe nyama isiyo na mafuta mengi, samaki, mayai au maharagwe, na robo iliyobaki ndiyo ya wali, ugali, anjera au chapati. Asile katika sinia la pamoja, maana humo hawezi kukijua kiasi chake; apakuliwe sahani yake mwenyewe, wala asionekane kuwa amejitenga. Anjera ichanganywe unga wa mtama, kama walivyofanya bibi zetu, na isimwagiwe sukari. Cambuulo, yaani maharagwe yetu ya kuchemshwa, ni chakula chema mno mpaka pale mnapoimiminia sukari na samli. Tunda aliume, asilinywe. Maziwa ya ngamia yanayotoka Isiolo ni lishe njema, lakini yana sukari yake ya asili, basi ayanywe kwa kipimo, na dawa za tabibu asiziache kwa ajili ya maziwa hayo wala kwa ajili ya mizizi ya muuzaji wa njiani. Baada ya kula atembee kidogo. Lakini mgonjwa atumiaye insulini au baadhi ya vidonge akitetemeka, akatoka jasho na kuchanganyikiwa, huenda sukari yake imeshuka. Mkorogeeni upesi vijiko vitatu au vinne vya sukari majini anywe, maana saa hiyo sukari ndiyo dawa, na akiwa amezirai msimtie kitu kinywani, mkimbizeni hospitali.

Ramadhani nayo ina hukumu yake. Mgonjwa aonane na tabibu wiki sita au nane kabla ya mwezi kuandama, apime damu mchana bila ya hofu kwa kuwa tone la kidoleni halibatilishi saumu, na kipimo kikishuka chini ya 3.9 mmol/L au kikipanda kupita 16.6 mmol/L afungue, kwani ruhusa ya mgonjwa imo katika Kurani yenyewe. Wakati wa futari tende zisizidi mbili tatu.

Mtaniambia kwamba nyumbani mwenu hamna mgonjwa, na kwamba si insafu watu wazima wanyimwe utamu kwa ajili ya mmoja. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba zaidi ya watu wazima wanane kati ya kumi nchini Kenya walikuwa hawajapimwa sukari maishani mwao. Kwa hiyo mwenyeji hajui ni nani mgonjwa katika wageni wake, na aghalabu mgonjwa mwenyewe hajijui. Enyi wenye hoteli na akina mama wapishi wa arusi, pikeni chai isiyo na sukari, muiweke sukari mezani, atakaye atie. Na kila mmoja wenu aliyepita miaka arubaini, au aliye na mzazi mgonjwa, aende akapimwe mwezi huu.