Kwa Mpwa Wangu Anayengoja Simu

Mpwa wangu mpenzi,

Barua yako imewasili huku Tanga, nami nimefurahi kusikia kuwa ile kampuni ya ushauri ya Nairobi uliyoipelekea wasifu wako imekuahidi simu juma lijalo. Mama yako ananambia wakesha ukifumbua mafumbo ya biashara na kukisia faida za viwanda. Si vibaya, ila hayo si ya siku hiyo. Atakayekupigia kwa kawaida si mshauri bali ni afisa wa ajira, na mazungumzo yenu aghalabu hayazidi nusu saa. Mafumbo utayakuta baadaye mbele ya washauri wenyewe, endapo huyu wa kwanza ataridhika nawe. Mhesabu kuwa ni bawabu: hukumu hatoi yeye, lakini humfikii kadhi ila kwa idhini yake.

Nalo ninalotaka ulitie moyoni ni hili, kwamba akisha kuweka simu ataandika maneno machache juu yako, na hayo ndiyo yatakayosomwa na watu wasiokujua wala hawajapata kuisikia sauti yako. Kwa hiyo mpe maneno yanayochukulika. Akikutaka ujieleze, usianzie utotoni, bali kwa dakika mbili hivi mweleze ulilosomea, ulilolitenda, na sababu ya kuitamani kazi hii. Ukisema tu kwamba ulikisaidia chama cha ushirika, hana la kuandika. Lakini ukimweleza ulikuta hesabu zikoje, ukafanya nini wewe mwenyewe, na zikawaje baadaye, amekwisha pata cha kupeleka. (Siri za mwajiri wako wa sasa usizitoe, maana atakayekusikia ukizimwaga atajiuliza utazifanyaje za wateja wake.)

Akiuliza kwa nini umeichagua kampuni yao, usimsimulie tarikhi ya ushauri tangu James McKinsey, yule profesa wa uhasibu, alipofungua ofisi yake Chicago mwaka 1926. Tarikhi hiyo anaijua. Mtajie shughuli yao moja katika nchi zetu iliyokuvuta, na ikuvute kweli.

Habari za mshahara zichunguze mapema kwa wanaoijua kazi hiyo, ili umtajie kima cha chini na cha juu bila kugugumia, au umuulize kwa adabu wao wamepanga kiasi gani. Kwa kuwa wewe ni Mtanzania nao wako Kenya, ukiulizwa juu ya kibali cha kazi sema kweli kwamba unakihitaji. Kabla hamjaagana, muulize hatua ifuatayo ni ipi na lini, kisha siku hiyo hiyo mwandikie shukrani fupi.

Simu hiyo ipokelee katika chumba cha nyuma kwa shangazi yako, ndicho kisicho na makelele, nami nimekwisha mwambia asiwashe redio.

Wasalaam,
Mjomba wako