Chambo Kipi kwa Samaki Yupi?

Wahenga walinena kuwa subira huvuta heri. Siwapingi wahenga, maana mimi ni nani? Ila kwa mvuvi aliyeketi ukingoni, subira peke yake huvuta mbu tu. Samaki huvutwa na chambo, tena kile chambo anachokitaka siku hiyo, saa hiyo, katika maji hayo. Ndugu wasomaji, jambo hili ninalieleza kwa sababu likizo ya Agosti iliyopita kitoweo cha kwetu kilitegemea chambo.

Najua kuna watakaocheka. Mtoto wa Kahawa Wendani na uvuvi, wapi na wapi? Sisi tunajulikana kwa matatu, vibanda vya chipsi na vumbi la barabara. Naam, lakini hebu panda matatu ya Thika siku moja, ukae dirishani. Utavuka Mto Ruiru pale Ruiru, kisha Mto Ndarugu ukishapita Juja. Maji ya mito hiyo miwili huishia katika Mto Athi, ambao huko karibu na Malindi huitwa Sabaki kabla ya kuingia baharini. Ukifika Thika utaikuta Chania na Thika yenyewe, na hiyo huelekea Tana. Isitoshe, kati ya mito hiyo kuna mabwawa ya mashamba ya kahawa, yaliyochimbwa ili kahawa isikose maji wakati wa kiangazi. Hii ndiyo Ruiru iliyoipa jina ile aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka wa 1985. Penye kahawa pana bwawa, na penye bwawa aghalabu pana samaki.

Mwezi wa sita baba alisimamishwa kazi pamoja na wenzake wengi. Mama ana kibanda cha mboga, na mboga haziwezi kulipa kodi, karo na nyama kwa pamoja. Nyama ndiyo iliyotangulia kuaga. Baba alizaliwa Mbita, kando ya Ziwa Victoria, na alivua tangu akiwa mdogo. Mama kwao ni Gatundu, na kwa Wakikuyu wa zamani samaki hakuwa chakula. Cucu yangu mpaka leo akisikia harufu ya samaki hufunga mlango. Basi mtaona kwamba kupeleka samaki jikoni kwetu ilikuwa siasa kubwa kuliko ya Bunge.

Mlinzi wa bwawa moja upande wa Ruiru ni mzee tunayemwita Guka. Baba alimwendea kwa heshima, wakasalimiana, akamweleza shida yetu. Guka alitutazama, akatazama mianzi yetu miwili, akasema:

"Vueni. Lakini hakuna wavu, na hakuna mtu kutia mguu ndani ya maji. Hili bwawa halina rafiki. Na samaki mdogo anarudishwa kwa mama yake."

"Sawa, mzee," baba akajibu. "Tutakaa hapa hapa ukingoni."

Vifaa vyetu vilikuwa vya kimaskini. Mwanzi, uzi wa nailoni, ndoana za saizi mbili, boya la kipande cha kandambili, na nati ya baiskeli iliyofanya kazi ya chubwi. Mwenye mashua humfuata samaki aliko. Wa ukingoni hana budi kumfanya samaki aje kwake. Ndiyo maana chambo kwake ni jambo zito. Baba alinifundisha kuuliza maswali matatu kabla ya kutia chochote kwenye ndoana.

Swali la kwanza: ni nani yumo humu? Katika bwawa la Guka wamo ngege, yaani tilapia, na kambare, ambaye baba humwita mumi. Hawa wawili ni tofauti kama usiku na mchana. Ngege ana mdomo mdogo na hutegemea sana macho. Chakula chake kikubwa ni mimea midogo ya majini na ule utelezi wa kijani ulioko kwenye mawe. Chambo chake ni kipande kidogo cha nyungunyungu, au donge la ugali lililokandwa na unga wa ngano kidogo lisimeguke upesi, liwe dogo kama punje ya hindi. Ukimtilia donge kubwa ataligonga-gonga mpaka liishe bila kuigusa ndoana. Kambare kwa upande wake ana macho madogo, lakini Mola alimpa sharubu nane. Kwa sharubu hizo huonja na kupapasa gizani na kwenye tope. Yeye mtilie kitu chenye harufu, kama maini, matumbo ya kuku, au nyungunyungu wengi kwa pamoja. Kuna wavuvi wanaotumia hata vipande vya sabuni ya kufulia, nao hupata!

Swali la pili: maji yana baridi kiasi gani? Juni hadi Agosti kwetu ni gathano, majira ya ukungu na mawingu, jua likionekana saa sita kama mgeni asiyetaka chai. Samaki hana moto wake mwilini kama sisi. Maji yakipoa, naye hupoa, na akipoa hula kidogo. Ngege hupenda joto, na maji yakishuka chini ya nyuzi 20 za Selsiasi hamu yake ya chakula hupungua sana. Kwa hiyo wakati wa gathano hakuna haja ya kudamka saa kumi na mbili alfajiri kumtafuta ngege. Utatetemeka bure. Ngoja jua litoke, uende upande ule maji yanapokuwa haba na jua linapopiga, utumie chambo kidogo, ukiache kitulie. Samaki mwenye baridi hakimbizi chakula.

Swali la tatu: leo maji yanaleta nini? Upepo ukivuma husukuma takataka na wadudu hadi ukingo mmoja, na samaki hufuata mlo. Mvua ikinyesha, maji huwa ya kahawia na hubeba nyungunyungu kutoka shambani. Wakati huo macho ya samaki hayamsaidii sana, harufu ndiyo mwalimu. Mvua za vuli zikianza mwezi wa kumi, kumbikumbi huruka jioni na kuanguka majini, nao ngege huja juu kuwadonoa. Siku kama hiyo ukimnyima kumbikumbi ukampa ugali, atakuona huna adabu.

Msidhani maswali haya ni ya bwawa la Guka tu. Huko Marekani kuna samaki aitwaye basi mdomo-mdogo (sina maana ya basi la Thika), na wapenzi wake humvua kutoka ukingoni majira ya majani kupukutika. Wao hutumia zaidi chambo bandia, yaani vitu vya plastiki, mpira au bati vilivyoundwa vifanane na samaki wadogo au kamba wa maji baridi. Maji yanapoanza kupoa, basi huwinda samaki wadogo kwa pupa, na mvuvi huchagua chambo kinachong'aa na kwenda mbio. Baridi ikizidi, huchagua kile cha kuburutwa polepole chini. Maji yakiwa safi, hutumia rangi za kawaida zinazofanana na mawindo. Yakiwa machafu, hutumia kitu kinachoonekana au kinachotikisa maji. Mnaona? Ni yale yale: nani yumo, baridi kiasi gani, maji yana nini leo.

Hata kile chambo cha bati kilichofanana na kijiko kina hadithi yake. Inasimuliwa kwamba Mmarekani mmoja, Julio Buel, aliangusha kijiko ziwani akamwona samaki akikirukia. Mwaka wa 1852 akapata hataza ya chambo chake.

Nasi Kenya tuna ndugu wa samaki huyo. Basi mdomo-mkubwa aliletwa Ziwa Naivasha kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920. Mwaka wa 1970 akaletewa na kamba wa maji baridi wa kutoka Louisiana, akamfanya mlo. Aidha, huko juu kwenye milima ya Nyandarua, ambako Thika na Chania bado ni vijito vya maji baridi sana, yuko trauti. Inaelezwa kuwa Ewart Grogan ndiye aliyemleta wa kwanza kutoka Scotland mwaka wa 1905, akamtia katika Mto Gura. Trauti huvuliwa kwa nzi wa bandia, manyoya yaliyofungwa kwa uzi kwenye ndoana ndogo. Nzi hao hufungwa na mafundi hapa hapa Kenya na kuuzwa ng'ambo. Baba alikuwa na kijiko kimoja cha bati cha enzi za ujana wake. Nilipotaka kukibeba alinizuia: "Wacha hapo. Kwa Guka hakuna basi. Utavua magugu."

Sasa niwaeleze Ijumaa ya wiki ya tatu ya likizo, siku ambayo maswali hayo yalipimwa. Baba alikuwa ameenda Juja kutafuta kibarua. Nyumbani palikuwa na pakiti moja ya unga na sukuma wiki zilizobaki kibandani. Mama alikuwa na shilingi sitini mkononi.

"Hizi ni za sukari na majani ya chai," akasema. "Ama nikupe ununue hayo maini yenu. Wewe ndiwe mvuvi leo. Amua, lakini ujue hakuna nyingine."

Ndugu zangu wawili wadogo walinikodolea macho. Nilitoka nje kwanza. Usiku kulikuwa na manyunyu, na tangu asubuhi jua halikuchungulia hata mara moja. Nikajiambia: maji ni baridi, basi ngege leo amelala. Maji ni ya kahawia, basi hata akiamka hataliona donge la ugali. Aliyebaki ni mwenye sharubu, na mwenye sharubu hali bei, anakula harufu. Nikamrudishia mama shilingi zake.

Nilikwenda kwa muuza kuku wa stejini, nikamwomba matumbo anayotupa.

"Una mbwa?" akaniuliza.

"Nina kambare," nikamjibu. Alicheka akanijazia karatasi nzima bila malipo.

Nilifika bwawani saa kumi jioni. Nilichagua ndoana kubwa, nikafunga matumbo kwa uzi wa kushonea yasichomoke, nikaondoa boya kabisa ili chambo kilale chini kwenye tope. Nilikaa upande ambao mfereji wa shamba unaingia bwawani, kwa maana mvua ilikuwa imepitia hapo. Saa kumi na moja, kimya. Saa kumi na mbili, kimya. Guka alipita, akakohoa, akaenda zake. Giza lilipoanza kuingia, uzi ukakazika polepole, kama mtu anayekuvuta shati darasani bila mwalimu kuona. Nikavuta. Mwanzi ukapinda kama upinde! Nilirudi nyuma hatua kwa hatua, nikamburuta hadi kwenye nyasi. Kabla ya saa moja na nusu nilipata wa pili. Guka alinimulikia tochi na kunisindikiza hadi barabarani.

Kwenye mizani ya mama ya mboga, mkubwa alikuwa kilo moja na nusu. Huyo jirani alimnunua kwa shilingi mia nne. Wa pili baba alimpika kwa nyanya na dania, tukala na ugali tukalamba vidole. Mama alionja mchuzi kwanza, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mchuzi ni mtamu. Huyo mwenye masharubu mleni nyinyi." Wiki iliyofuata jua lilitoka, nikaleta ngege wanne waliovuliwa kwa nyungunyungu. Hao mama aliwala, tena na vichwa. Cucu hatujamwambia.

Baba alipata kibarua mwezi wa tisa, na siku hizi sivui kwa sababu ya njaa. Lakini mwenzangu unayetaka kujaribu, pokea nasaha hizi. Omba ruhusa ya mwenye bwawa, na kama ni mtoni au ziwani, uliza leseni kwa maofisa wa uvuvi. Usile samaki wa mahali ambapo maji taka ya mtaa yanaingia, hata awe mnono namna gani. Usiende peke yako kama hakuna mtu mzima karibu. Na usiingie majini hata ndoana ikinasa. Ndoana ni shilingi chache, maisha hayauzwi dukani. Anayejua kuchagua chambo hahitaji kumfuata samaki ndani.

Mwisho, mwende mapema. Mashamba mengi ya kahawa ya Ruiru yamegeuka mitaa ya nyumba, na Guka anasema amewaona watu wenye vigingi wakipimapima karibu na bwawa lake. Iwapo Desemba bado lipo, nitakuwa pale upande wa mfereji. Anayetaka kufundishwa anitafute darasani kabla ya kufunga shule. Ada yangu si kubwa: mkebe mmoja wa nyungunyungu.