Kengele Kuukuu

Bibi yangu aliishi ghorofani, Mji Mkongwe, na hakuwa mtu wa kushuka ngazi ovyo. Mgeni akipiga hodi chini, yeye huchungulia dirishani, akauliza "Nani?", kisha akamtazama kuanzia kofia mpaka makubadhi. Akimridhia, huteremsha kikapu kwa kamba, ufunguo umo ndani. Asiyejibiwa hodi ya tatu huenda zake, na hakuna aliyeona vibaya.

Nilipohamia London nilikuta kengele ya kubonyeza na kisimu cha ukutani chenye sauti ya kukwaruza. Unasikia mtu anasema ana mzigo, unafungua, hujui umemfungulia nani. Kengele za kamera zilipoanza kuonekana madukani, nilinunua ya betri bila kusitasita.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1966 Marie Van Brittan Brown, muuguzi wa Queens, New York, pamoja na mumewe Albert, waliomba hataza ya mlango wenye matundu ya kuchungulia, kamera, televisheni, na hata njia ya kufungua komeo kwa mbali. Walipewa Desemba 1969. Polisi walikuwa wakichelewa kufika mtaani kwao, na mama huyo alichoka kuishi na hofu. Bibi angemwelewa mara moja. Biashara ndiyo iliyochelewa: Jamie Siminoff alipeleka kengele yake kwenye kipindi cha Shark Tank mwaka 2013 akaondoka mikono mitupu, na miaka mitano baadaye Amazon ikainunua kampuni yake, Ring.

Yangu ilijipatia heshima siku alipokuja mjomba kutoka Unguja kabla ya saa tuliyopatana. Kitufe hakukigusa. Alisimama akaita hodi, akangoja, akaita tena. Kamera ilihisi mtu, simu yangu ikalia kazini.

"Shikamoo mjomba!"

"Marahaba. Uko dirisha gani, mwanangu? Sikuoni."

Alikuwa ameinua uso juu, anatafuta ghorofa.

Sasa kampuni iliyoitengeneza inanishawishi ninunue toleo jipya. Sifa yake kubwa ni picha ya mraba, inayomwonyesha mgeni kuanzia kichwani hadi miguuni. Hilo lina maana. Picha ya yangu ni pana lakini fupi: naona nyuso na magari yanayopita barabarani, ila sioni kizingitini, na vifurushi huwekwa hapo. Mengine yote hayanigusi. Ada ya kila mwezi iko pale pale. Usipolipa, utaona yanayotokea sasa hivi, lakini hakuna rekodi ya jana. Betri nayo bado ni ya lithiamu, ambayo joto likishuka chini ya nyuzi 0 haipendi kuchajiwa. Na sihitaji maikrofoni kali zaidi. Oktoba 2021 mahakama ya Oxford iliamua kwamba vifaa vya aina hii vya mkazi mmoja vilinasa sauti kutoka mbali kupita kiasi, kinyume cha sheria ya kulinda taarifa binafsi. Jirani yangu hupenda kuzungumza na simu nje ya mlango wake. Mazungumzo yake hayanihusu.

Kwa hiyo nimenunua kabari ya plastiki ya pauni chache, nikaipachika nyuma ya kengele ili iiname kidogo. Mbingu imepungua kwenye picha, zulia la mlangoni limeingia.

Nawe ukishawishika, anza kwa kutazama picha za kengele uliyo nayo uone hasa inakosa nini, kisha uliza kama mtengenezaji bado anaipelekea masasisho ya usalama. Yakikoma, ing'oe, hata kama picha yake ni safi. Yangu bado inayapata, kwa hiyo inabaki.